Umoja wa Forodha na shehena hatari
Je, Umoja wa Forodha, yaani kuondolewa kwa ushuru ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulifungua mlango kwa kemikali na taka za sumu? Hapana. Itifaki ya Umoja wa Forodha iliyotiwa saini mwaka 2004 inaruhusu, katika Ibara ya 22, kila nchi mwanachama kuzuia biashara ya silaha na ya vitu vinavyohatarisha uhai wa binadamu au mazingira, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka huohuo ina jedwali la bidhaa zilizopigwa marufuku, zikiwemo taka hatari. Vifaa vyenye mionzi navyo havipiti kwa hati za forodha pekee. Kwa upande wa Tanzania, vinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki.

Hata hivyo, sheria haikamati mtu. Tangu 2014 ushuru wa mizigo hulipwa ikiwa bado bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, kabla lori halijaanza safari ya kwenda bara, kwa hiyo tamko la uongo kuhusu shehena likipita pale, nafasi ya kuligundua njiani hupungua sana. Vifaa vya kufuatilia shehena kwa njia ya kielektroniki, ambavyo Kenya, Uganda na Rwanda zinavitumia kwa pamoja, vinaonyesha kama lori limeacha njia au lakiri (muhuri wa kufungia mzigo) imevunjwa. Kilichomo ndani ya pipa havikioni, na ndiyo maana ukaguzi wa bandarini unastahili wakaguzi na mashine zaidi.