Nyota changa ndani ya wingu jeusi: kamera ya kawaida itaziona?

SWALI (msomaji, Wete): Asalaam aleikum mwalimu. DSLR yangu nimeitoa ile filta inayozuia infraredi (mwanga wa mawimbi marefu usioonekana kwa macho), nikapiga lile giza lililo karibu na Antares, ile nyota nyekundu ya kundi la Nge, sijaona nyota mpya hata moja. Tatizo nini? Na wataalamu wanajuaje kama hii ni nyota changa na si nyota tu iliyo nyuma ya wingu?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Hujakosea kitu, msimu huu wa kusi ikifika saa tatu usiku Nge yuko juu kabisa kwetu, umelenga penyewe. Tatizo ni sensa ya kamera, silikoni yake inaona mwanga mpaka urefu wa wimbi kama maikromita 1.1 tu, na kwa wingu lile (jina lake L1688, liko miaka ya mwanga 450 hivi) hapo bado vumbi linakushinda. Chukua nyota iliyozibwa magnitudi 20 (kipimo cha mng'ao, kila magnitudi 5 ni mara 100) kwenye mwanga wa macho, inayotufikia ni sehemu moja katika milioni 100, basi nyota hiyohiyo ukiitazama maikromita 2.2 inapoteza magnitudi 2 tu hivi, yani sehemu moja ya sita ya mwanga wake inafika, mana chembe za vumbi ni ndogo mno mbele ya wimbi refu namna ile. Alafu hizi changa zenye uzito mdogo bado zinasinyaa, ni pana, zinang'aa kuliko zitakavyokuwa zikizeeka, na uso wake ni kelvini 3,000 na kitu kwa hiyo mwanga wake mwingi uko infraredi tayari.

Swali la pili ndo lenye kazi khasa. Wekundu peke yake si ushahidi, vumbi linaifanya hata nyota jitu ya zamani iliyo nyuma ya wingu ionekane nyekundu vilevile. Ndo mana tunapima magnitudi mara tatu kwa mawimbi matatu ya infraredi, J (maikromita 1.25), H (1.65) na K (2.2), tunapata tofauti J−H na H−K tunazichora kwenye grafu. Vumbi linaisukuma nyota kwa mteremko mmoja, H−K ikipanda 0.1 J−H inapanda kama 0.17. Nyota yenye J−H 1.9 na H−K 0.8 inakaa ndani ya mkanda wa mteremko huo, nyota ya nyuma ya wingu inaweza kuwa hivyo kabisa. Ila ukikuta J−H 1.5 na H−K 1.2, vumbi la njiani peke yake haliwezi kuifikisha pale, kuna kitu cha moto karibu yake kinachoongeza mwanga wa K, na mara nyingi ni diski ya vumbi inayoizunguka, humo sayari zinaweza kutengenezwa.

Zenye diski dhaifu hazionekani vizuri kwenye K, darubini ya angani Spitzer (2003 mpaka 2020) ilizikamata kwa mawimbi marefu zaidi, maikromita 3.6 mpaka 24. Kwa zilizokwisha kupoteza diski, infraredi haisemi kitu, hizo zinatafutwa kwa eksirei. Na angalia, galaksi za mbali nazo zina rangi kama hizi, hadi upate spektra (mwanga wake uliochambuliwa kwa mawimbi) usiite nyota.

Huhitaji darubini kuanza. Picha za 2MASS, upimaji wa anga lote kwa J, H na K, zilizopigwa 1997 mpaka 2001 Arizona na Chile, ni bure, shusha programu ya Aladin, andika L1688, weka picha ya mwanga wa kawaida na ya K pembeni mwake, alafu fungua katalogi ya 2MASS uchukue J, H, K za nyota zilizotokea kwenye picha ya K tu, uzichore mwenyewe. Ukishachora nitumie grafu tuitazame pamoja inshallah.