Mwanangu, Kuhusu Ule Ushuhuda

Bukoba, Novemba 2022

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu, nikaona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu huwa unaniambia "sawa Mama" kabla sijamaliza. Umeuliza: "Usharikani wanataka Jumapili nisimame mbele nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyoniepusha na ile ndege. Nisimame au nikatae?"

Kushukuru, utashukuru. Hilo halina mjadala katika nyumba hii. Jumapili ile ya tarehe 6 ulikuwa uwemo, unakuja kutusaidia mambo ya mahari ya mdogo wako. Mkuu wako wa kazi akakubakiza kwa ajili ya hesabu, ukaisogeza tiketi mpaka Jumanne. Ndege ikaanguka ziwani hapa hapa, uwanja unaonekana. Walikuwamo watu 43, na 19 tumewazika. Ni nani atakayekuambia usimshukuru Mungu?

Lakini kuna jambo ambalo wewe na dada zako hamjawahi kunisikia nikilisimulia lote. Mnajua kwamba mjomba wenu alikwenda na MV Bukoba, ile meli iliyozama. Mnaijua picha yake ya sebuleni, ile ya shati la mistari. Mnajua kwamba kila tarehe 21 Mei siwashi redio. Yaliyotokea kanisani Jumapili iliyofuata hamyajui.

Mwaka 1996, Jumatatu jioni, mimi ndiye niliyemsindikiza bandarini Kemondo. Alikuwa anarudi chuoni Butimba, Mwanza, kusomea ualimu. Ana tranka lake la bati lenye rangi ya buluu, na bibi yako amemfungia karanga kwenye gazeti. Meli ile ilikuwa ya abiria 430. Pale gatini watu walikuwa wanapanda tu, na mikungu ya ndizi inapanda nao, kila mfanyabiashara anaona soko la Mwanza la kesho yake. Mjomba wako akasitasita. Akanigeukia akasema, "Dada, imejaa." Nikamwambia, "Jipenyeze, usiachwe." Akajipenyeza. Sikumwambia neno jingine baada ya hilo, tranka lilikwishamfunika uso.

Asubuhi yake, wakiwa wameshaiona Mwanza, karibu na Bwiru, meli ikapinduka. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya watu 800. Sisi tulisubiri majina redioni, na majina ya watu wetu hayakuja, kwa sababu daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokuwa juu ya maji walisikia watu wakigonga kwa ndani. Wakaja kutoboa tundu kwenye ubavu wa meli ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikazama yote. Miaka 22 baadaye, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kule kisiwani Ukara, yule fundi akatolewa mzima baada ya siku mbili ndani ya meli, nililia kwa furaha jikoni, kisha nikalia tena kwa sababu nyingine. Ulikuwepo. Uliniuliza nina nini, nikasema moshi.

Rais Mkapa akatangaza maombolezo ya siku tatu. Baba yako akaenda Mwanza kumtafuta. Jumapili ilipofika alikuwa bado huko, anafunua shuka moja baada ya jingine, na mimi na bibi yako tukaenda kanisani. Ilikuwa Pentekoste. Tulikaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa akina mama, bibi yako amejifunga ile kanga yake ya kahawia.

Baada ya matangazo, mzee wa kanisa akasema kuna ndugu ana neno la shukrani. Akasimama mama mmoja, jirani yetu. Jina lake nalibakiza kwangu, ingawa utamjua. Naye alikuwa asafiri Jumatatu ile. Lori lililombeba na ndizi zake lilipasuka gurudumu njiani, akafika Kemondo meli imeng'oa nanga. Akasimulia vizuri, jinsi alivyolia pale gatini, jinsi alivyomlaumu dereva, kumbe Mungu anamficha. Akasema, "Mungu anawajua walio wake." Akasema, "Mungu ni mwema," kanisa likaitikia, "Wakati wote." Mkungu mmoja wa zile ndizi alikuwa ameuleta madhabahuni kama sadaka. Nilikuwa naukodolea macho. Ulikuwa umekaa siku sita, vidole vya juu vimeanza kuwa njano.

Kanisa zima likapiga makofi. Nikageuka kumwangalia bibi yako, nikijua atakuwa ameinamisha kichwa.

Alikuwa anapiga makofi.

Polepole, viganja vyake vikavu vya kuchuma kahawa, anapiga pamoja na watu. Mwili wa mwanawe haujapatikana, na haukupatikana. Tukienda makaburini Igoma, Mwanza, tunaweka maua kwenye kaburi la wengi, bila kujua kama yumo. Na bibi yako anapiga makofi. Mwanangu, ukitaka kujua kitu kinachoniuma mpaka leo, ni yale makofi kuliko hata tundu la meli. Njiani sikujizuia. Nikamwuliza kwa hasira, wewe unampigia makofi nani? Akatembea kwanza. Tulipofika kwenye migomba yetu akanijibu kwa Kihaya, nakuandikia kwa Kiswahili: "Ulitaka naye azame?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu, na hasira haijibu.

Mnajua ninavyoshikilia Luka 13. Mmekua mkinisikia, mkafika mahali mnanimalizia. Lakini hamkujua ilianzia wapi. Ilianzia usiku ule wa Pentekoste, kwa kibatari. Watu walimwendea Yesu na habari za mjini, za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua. Yeye mwenyewe akawaongezea nyingine, ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Akawauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wengine wote Yerusalemu? Akajijibu, "Nawaambia, sivyo." Nililishika neno hilo moja kama mtu anayeshika ubao majini. Sivyo. Kama waliokufa hawakuwa wabaya kuliko wenzao, basi waliobaki hawakuwa wema kuliko wenzao. Basi "Mungu anawajua walio wake" haikuwa sentensi ya kusema mbele ya benchi letu. Mjomba wako alikuwa wake. Alikuwa mwimba sauti ya tatu kwenye kwaya ile ile iliyokuwa imekaa nyuma ya yule mama!

Najua mstari hauishii hapo. Najua kinachofuata ni "msipotubu". Kwa miaka mingi nilikuwa nikifika kwenye nukta mkato ninafunga Biblia. Sikuona cha kutubu, mimi ndiye niliyeumizwa. Jirani yule nilimpa salamu, maji sikumnyima, mwanawe alipooa nilipeleka unga. Lakini uwanjani kwake sikukaa miaka 20.

Kisha likaja tetemeko, tarehe 10 Septemba 2016. Unakumbuka sisi tulipata nyufa tu, na wewe ulituma hela ya saruji. Kwake ziliondoka kuta mbili. Usiku ule hakuna aliyelala ndani. Nikamkuta ameketi nje na godoro na sufuria mbili, nikamwambia twende kwetu. Nilimwambia kwa sababu bibi yako alikuwa ameshafariki na nilijua angeniuliza nini. Akakaa wiki tano kwenye banda letu la jikoni. Usiku mmoja tunachambua maharage, bila mimi kumgusia, akasema, "Ule ushuhuda wangu, nilikuona." Nikanyamaza. Akasema alikuwa hataki kusimama. Mzee wa kanisa alimfuata mara mbili. Mwishowe akasimama kwa sababu aliogopa. "Niliogopa nisiposhukuru mbele za watu, Mungu atanirudia." Ile miaka yote mimi namwona mtu mwenye kiburi cha kuokolewa, kumbe alikuwa mtu mwenye hofu, anamlipa Mungu mkungu wa ndizi ili asirudi kuchukua deni lake. Mpaka leo hajapanda chombo chochote cha majini.

Kwa hiyo swali langu kwako lilikuwa liwe hilo: unasimama kwa furaha au kwa hofu? Barua ingeishia hapo, na ningeona nimekujibu vizuri. Lakini kuna ya Jumapili tarehe 6, na nisipoiandika nitakuwa nimekudanganya.

Wewe hukuniambia kwamba umesogeza tiketi. Ulitaka kunishtukiza Jumanne, sawa, tumeshasameheana. Mimi nilikuwa njiani kwenda ibadani, mvua imepiga, watu wakawa wanakimbia kuelekea ziwani wanasema ndege. Nikakimbia nao kwa miguu hii ya kisukari. Nilipofika mkia ndio ulioonekana juu ya maji. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imeizunguka. Baadaye ndipo tukasikia habari za yule kijana mvuvi, Majaliwa, aliyesemekana kufungua mlango kwa kasia. Watu walikuwa wameshika kamba wanavuta, wanaimba wanavuta kama wanavyovuta nyavu. Napiga simu yako, haipatikani. Napiga, haipatikani.

Nikaomba. Niliomba hivi, kwa sauti, hata sikujali nani ananisikia: "Bwana, asiwe wangu." Maneno matatu. Nimeyarudia moyoni kila siku tangu siku ile. Ndege imeshaanguka, watu wameshakufa au wako hai, na mimi naomba asiwe wangu. Nilikuwa naomba awe wa nani?

Pembeni yangu alikuwa amesimama mama mmoja wa rika langu, kitenge kimelowa mpaka magotini, naye ana simu sikioni. Hatukusemeshana. Saa nne na dakika kumi simu yangu ikaita. Wewe huyo, umetoka ibadani Dar, sauti ya mtu aliyeamka vizuri, "Mama shikamoo, mbona umepiga hivyo?" Nikaanguka kwenye tope nikapiga kelele, "Asante Yesu! Asante Yesu! Mungu ni mwema!" Yule mama akaigeuza simu yake akaiangalia kioo. Kisha akainama akanishika kwapa akaninyanyua.

Jumatatu nilikwenda uwanja wa Kaitaba kuaga miili. Nilimwona yule mama. Alikuwa amekaa upande wa wafiwa.

Sasa unaona ninapokwamia. Nilimshikia jirani yangu kinyongo miaka 20 kwa neno ambalo nami, zamu yangu ilipofika, lilinitoka bila kuniomba ruhusa, tena karibu zaidi na mfiwa kuliko yeye. Nikamwendea jirani jioni ile nikamweleza. Hakusema kitu, akaniwekea chai.

Je, shukrani ikatazwe? Hapana, tutakufa kwa ukavu wa moyo. Je, isemwe popote, mbele ya yeyote? Hapana pia. Paulo anaandika furahini na wafurahio, lieni na waliao, na ameyaweka yote mawili kwenye mstari mmoja bila kutuambia tufanyeje wakiwa wamekaa benchi moja. Yesu mwenyewe alijua dakika chache mbele Lazaro atatoka kaburini, na bado akalia machozi na wale dada kwanza. Mimi naona ile "kwanza" ina uzito. Lakini nikisema hivyo bibi yako ananitazama kutoka ukutani, na viganja vyake.

Ulimi unaniwasha kukuambia kaa. Nimeshaandika "kaa" mahali hapa nikalifuta. Ushuhuda ni wako, na kanisa lile unalijua wewe. Mimi sijui nani atakuwa amekaa benchi la tatu. Wewe ulishaniambia kuna familia hapo usharikani ilikuwa na mtu kwenye ndege ile. Uliniambia kwa kupita tu, kati ya habari ya bei ya tiketi na habari ya gari lako. Umeshakwenda kwao? Kama hujakwenda, nenda kabla ya Jumapili. Usiende na maneno. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema, na hapo ndipo walipokuwa marafiki wazuri. Mambo yaliharibika walipofungua vinywa. Nenda ukae, unywe chai yao, uulizie marehemu alikuwa anapenda nini. Ukitoka hapo nadhani utajua. Au hutajua, uje unipigie.

Ila lile neno la "Mungu anawajua walio wake", kwenye jambo hili, usiliseme. Hapo sikuachii uamuzi, samahani. Hata ukisimama, hata wakikupigia makofi.

Senene wameanza kushuka vizuri mwaka huu. Nimekuwekea kwenye ndoo ile nyeupe ya rangi, nimewanyonyoa mwenyewe mabawa na miguu, wamekaangwa kwa chumvi tu kama unavyopenda. Kondakta wa basi la kesho anayo namba yako. Mpelekee na ile familia kidogo, kama wanakula.

Ni mimi mama yako.