Muulize Fundi: Volti Ngapi, na Chanya Iko Upande Gani?

*Fundi, salamu sana. Ninasambaza intaneti kwa majirani hapa Kayole. Nina redio tatu kwenye paa la ghorofa, na waya za mita 60 hivi zinashuka hadi chumba changu cha chini. Mbili zimeandikwa volti 24, moja 48. Stima ikipotea simu yangu haitulii. Nimenunua betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 100, na nataka redio zitumie betri moja kwa moja bila invata. Tatizo ni kwamba kijana aliyenisaidia alichomeka boksi la umeme la volti 48 kwenye redio yangu ya nne, ya 24, na haijawaka tena. Naogopa kuunguza zilizobaki.*
*Msomaji, Kayole*

Pole kwa redio hiyo, ndugu yangu. Wazo lako la kuacha invata ni zuri. Kupandisha umeme wa betri hadi 240, kisha adapta iushushe tena hadi 24, ni kupoteza nguvu mara mbili. Lakini umeme wa DC, yaani ule wa betri wenye chanya na hasi, hauna huruma kwa anayekisia.

Tuanze na kilichoiua redio. PoE, yaani kupitisha umeme kwenye waya uleule wa mtandao, iko ya aina mbili. Ile ya kiwango cha 802.3af, kilichotoka mwaka 2003, huuliza kwanza: swichi ya mtandao hutuma volti chache ikitafuta ukinzani wa omu 25,000 hivi upande wa pili. Isipoupata haitoi umeme. Ikiupata, ndipo huachilia volti 44 hadi 57. Aina ya pili haiulizi chochote. Boksi lake la 48 hutoa 48 papo hapo, hata kama mbele yake pana redio ya 24. Kwa hiyo usiridhike na neno PoE kwenye boksi. Tafuta namba ya volti, na uone kama pameandikwa 802.3af au 802.3at, ndugu yake wa baadaye mwenye nguvu zaidi.

Sasa chanya na hasi, na hapa nakuomba usiharakishe. Kwenye redio nyingi za 24, zikiwemo NanoStation M5 za Ubiquiti, nyuzi za buluu (pini 4 na 5) hubeba chanya, na za kahawia (7 na 8) hubeba hasi. Redio za zamani za Motorola Canopy ni kinyume: kahawia chanya, buluu hasi. Plagi inaingia vizuri kabisa, volti ni zilezile 24, na bado umeme umegeuka. Redio za 802.3af zenyewe zimeundwa zipokee upande wowote, kwa sababu zina dayodi mlangoni zinazonyoosha umeme. Hizi nyingine usizitegemee hivyo.

Nunua multimita, hata ile ya bei ya chini pale Luthuli Avenue, Nairobi. Iweke kwenye volti za DC, gusisha waya mwekundu mahali unapodhani ni chanya na mweusi kwenye hasi. Ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza. Pima kule juu paani, mwisho wa waya, kabla ya kuchomeka redio. Rangi za waya za adapta ni ahadi ya mtu usiyemjua.

Usipeleke volti 12 paani. Waya wa mtandao wa shaba, aina ya Cat5e, wa mita 60, nyuzi mbili za kwenda na mbili za kurudi, una ukinzani wa omu 5 na kitu. Redio ya wati 8 ikipewa 24 chini, juu inapata 22 hivi, na inafanya kazi. Ukianza na 12, hesabu haikubali kabisa: volti zikishuka redio inavuta ampea zaidi, ampea zikizidi volti zinashuka tena, na redio inabaki kuzima na kuwaka. Kama waya wako ni ule wa alumini uliopakwa shaba, hali ni mbaya zaidi. Mimi singeuweka paani hata nikipewa bure.

Basi weka vifaa viwili vya kupandisha volti hukohuko chini karibu na betri: kimoja cha 12 kwenda 24, kingine cha 12 kwenda 48. Wengine watakushauri ufunge betri mbili kwa mfuatano upate 24. Kumbuka jozi hiyo ikichajiwa na sola hufika 28.8, na si kila redio ya 24 inavumilia hapo. Kifaa cha kupandisha hutoa 24 ileile, betri ikiwa 11 au 14.

Tukichukulia redio mbili za wati 8 na moja ya 12, pamoja na hasara ya vifaa, unatumia wati 33 hivi. Nusu ya betri yako ni wati-saa 600, kwa hiyo utapata saa 18. Usiimalize zaidi ya nusu kama ni ya asidi. Na weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, kwa maana betri hiyo inaweza kuwasha moto nyumba ya watu.

*Adapta ya rauta yangu ilikuwa volti 12, ampea 1. Nimepewa ya volti 12, ampea 2. Itaiunguza?*
*Mama mwenye saiba, Githurai*

Haitaiunguza, mama. Rauta huvuta ampea inazohitaji tu. Volti ndizo lazima zilingane, na mchoro wa chanya na hasi ulioko karibu na tundu la plagi.

*Mwenye mnara kule Ngong anataka kunipa umeme wake wa volti 48 zenye alama ya kutoa (-48). Redio yangu ni ya 48 pia. Niunganishe tu?*
*Msomaji, Karen*

Hapana, kaka, si moja kwa moja. Kwenye mitambo ya simu chanya ndiyo inayofungwa ardhini, na hasi ndiyo yenye 48. Redio yako ikiwa na hasi iliyogusana na chuma cha mnara, kupitia ganda la waya au boksi lake, utakuwa umefunga hasi na chanya pamoja. Omba kifaa cha kubadilisha volti ambacho upande wa kuingia na wa kutoka havigusani kabisa, kisha pima tena kabla ya kuchomeka.