Kabla hujashangilia, mguse mkia

Kila msimu wa ufadhili, wadogo zangu waliopata nafasi ya utafiti ng'ambo huniandikia: "Dada, wenzangu wamepangiwa panya, mimi nimepewa samaki. Ndiyo nimetupwa?" Hujatupwa. Nimekaa na samaki hao miaka minne Uingereza nikichunguza ugonjwa wa misuli wa Duchenne, na yapo mambo ningependa mtu angeniambia mapema.

Tunamwita samaki milia, kwa sababu ya mistari yake. Ana urefu wa sentimita tatu hadi nne, na kwao ni vijito na mashamba ya mpunga ya India na Bangladesh. Taa zikiwashwa asubuhi, jike hutaga mayai mia na zaidi, na usipokuwa na chujio chini ya maji wazazi wenyewe watayala. Kwa hiyo zoea kudamka. Kifaranga chake kinaonekana hadi ndani kama kioo: siku ya pili tu unautazama moyo ukidunda, na misuli imejipanga mgongoni mithili ya herufi V zilizolazwa ubavu.

Upo ukoo unaoitwa sapje, wenye hitilafu kwenye jeni ya distrofini. Protini hiyo ndiyo inayoushikilia uzi wa misuli usichanike unapojikaza. Kwa binadamu jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana. Kwa samaki haijakaa hivyo. Ukikutanisha wazazi wawili wabebaji, yaani wenye hitilafu hiyo lakini wasioumwa, robo ya vifaranga huumwa, majike kwa madume. Shika hiyo robo, itakuokoa.

Kuwatambua wagonjwa hakuhitaji kisu. Mlaze kifaranga kati ya vichujio viwili vya nuru vilivyokingamana: kila kitu kinakuwa giza, misuli mizima inang'aa kama magamba ya dagaa juani, na palipochanika panabaki doa jeusi. Watafiti wa Boston walitumia mng'ao huo kupepeta kemikali 1,120, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Aminofilini, dawa ya zamani ya pumu, ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri. Jaribu kupepeta idadi hiyo kwa panya uone utazeeka na miaka mingapi.

Sasa aibu yangu. Niliweka dawa niliyokuwa nikiijaribu kwenye sahani zenye vifaranga 200 wa wazazi wabebaji. Nilitarajia kama 50 wawe na madoa, nikahesabu 11. Jioni ile nilimpigia mama simu, nikamwambia huenda tumepata kitu. Asubuhi yake fundi wetu, mama mtu mzima asiye na maneno mengi, aliinama kwenye hadubini, akachukua unywele aliougundisha kwenye kijiti, akamgusa kifaranga mmoja mkiani. Kimya. Akamgusa wa pili. Kimya. Kifaranga mzima wa siku nne ukimgusa hivyo anachomoka kabla hujarudisha mkono.

Dawa yangu ilikuwa imewalaza usingizi. Na misuli isiyojikaza haina cha kuichana, iwe na distrofini au isiwe nayo. Tulipopima vinasaba, robo yangu ya wagonjwa ilikuwepo pale pale, karibu yote.

Basi fanya hivi: gusa mkia kwanza, tazama mng'ao baadaye. Mwambie mwenzako afiche majina ya sahani kabla hujaanza kuhesabu, maana jicho linalojua dawa iko wapi huona nafuu isiyokuwepo (mimi nilirudia hesabu ile bila majina, nikapata 23). Vinasaba pima mwisho, kwa kila kifaranga, hata kama bajeti inalia. Halafu fahamu sheria: Uingereza inamlinda samaki kisheria anapoanza kujilisha mwenyewe, yaani takriban siku ya tano, kwa hiyo kazi ya baada ya hapo inataka leseni, na leseni haitoki wiki moja.

Ndugu wenye mtoto mgonjwa wakikuuliza, usiwafiche: samaki anaelea, haubebi uzito wake, na hapumui kwa kifua, wakati kinachowaua vijana wa Duchenne ni moyo na pumzi. Kilichomponya samaki kina safari ndefu mbele yake.

Na baridi isikutishe. Chumba cha samaki kina joto la Dar mwaka mzima. Januari utamkuta kila Mswahili wa jengo lile amesimama mlangoni pake na mkate mkononi, kwa sababu ndani hairuhusiwi kula.