Mkataba unaosema "uzembe uliokithiri" tu, chini ya sheria ya Uingereza

Mkuu, umeuliza kama usaini mkataba wa kukodi winchi unaosema mwenye winchi atawajibika kwa "uzembe uliokithiri" pekee, na sheria inayotawala ni ya Uingereza. Mimi niliusaini wa namna hiyo nikiwa ofisi ya manunuzi hapa Dar.

Transfoma yetu ilidondoka kutoka mita moja na nusu hivi. Mkanda wa kunyanyulia ulikatika. Asubuhi fundi wao aliuona umechanika pembeni, akauzungushia selotepu nyeusi, akasema "huu unabeba". Sisi tukaja juu: kama huo si uzembe uliokithiri, ni nini basi?

Wakili akatupoza. Kwenye madai ya kawaida, sheria ya Uingereza haiutambui kama kosa la aina yake. Jaji Rolfe, kesi ya Wilson na Brett, 1843, alisema ni uzembe uleule, umeongezewa neno la kulaumu tu. Kwa hiyo mahakama inatafuta nyinyi wenyewe mlimaanisha nini. Jaji Mance, kesi ya Red Sea Tankers, 1997, aliona maneno hayo yanaweza kubeba hata kupuuza kwa kiwango kikubwa hatari iliyo wazi. Selotepu ndiyo iliyotuokoa, maana ilionyesha jamaa aliiona hatari. Hata hivyo tuliishia mezani, matengenezo nusu kwa nusu.

Kilichoniuma hasa ni kingine. Nilijua Uingereza kuna sheria ya 1977 inayodhibiti vipengele vya kujivua lawama, nikajipa moyo. Kumbe kifungu cha 27 kinasema kama sheria yao inatumika kwa sababu tu mmeichagua, na bila hivyo ingetumika ya nchi nyingine, ulinzi wa vifungu vya 2 hadi 7 haupo. Winchi ya Dar, transfoma ya Dar, kampuni zote mbili za Dar!

Siku hizi nadai tafsiri ya maneno hayo iandikwe mkatabani, selotepu na yote. Pia soma vizuri: ukikuta "hatawajibika kwa lolote isipokuwa", hata winchi ikichelewa wiki nzima utakuwa huna dai, kwa sababu kuchelewa peke yake si uzembe uliokithiri. Wakigoma kabisa kubadilisha, omba kipengele kifutwe, badala yake kiwekwe kikomo cha fedha kinacholingana na bima yao. Na cheti cha bima ukione kwa macho, cha kwetu kilikuwa kimeisha muda mwezi uliotangulia.