Jibu: Daktari na siri za mgonjwa aliyefariki
Ndugu, umeuliza kama daktari yuko huru kusema mgonjwa wake akishafariki. Hapana. Azimio la Geneva la 1948, yaani kiapo cha madaktari duniani, liliagiza kutunza siri, na mwaka 1968 yakaongezwa maneno "hata baada ya mgonjwa kufariki".

Kesi inayofundisha zaidi ni ya Ufaransa. Rais Mitterrand aligundulika na saratani ya tezi dume Novemba 1981. Daktari wake, Claude Gubler, akawa anasaini taarifa za afya zisizougusa ugonjwa huo, miaka nenda miaka rudi. Mitterrand alifariki tarehe 8 Januari 1996. Tarehe 17, msiba ungali mbichi, kitabu cha Gubler kinachoifichua siri hiyo kikawa madukani! Kesho yake mahakama ikakisimamisha, na baadaye yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Mwaka 2004 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona zuio la mwanzo lilikuwa sawa, ila kukizuia kitabu hicho daima kulivunja uhuru wa kujieleza.

Kwangu mimi Gubler alikosa mara mbili: aliwaficha wananchi rais akiwa hai, akawaumiza mjane na watoto alipokufa. Kama kusema ukweli hakuweza, kalamu angeiweka chini mapema, asisaini kabisa.