Je, ninatenda dhambi nikishughulikia karatasi za bima inayowapatia wafanyakazi dawa za kuzuia mimba?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto watatu, na ninaishi Marekani katika jimbo la Ohio. Nimeajiriwa katika ofisi ya utumishi ya nyumba ya kutunzia wazee inayomilikiwa na shirika la kitawa la Kikatoliki. Bima yetu ya afya hailipii dawa za kuzuia mimba, ila uongozi ulisaini fomu ya kutamka pingamizi lake, na tangu hapo kampuni ya bima huwalipia wafanyakazi dawa hizo yenyewe, nje ya mkataba wetu. Mfanyakazi mpya anapokuja, mimi ndiye ninayemsajili na kumkabidhi barua inayomweleza hivyo. Ndugu mmoja wa jumuiya yetu ameniambia kwamba ninashiriki dhambi na sistahili kukomunika. Tena kuna binti mmoja Mkongo, mfanya usafi, aliyeandikiwa na daktari vidonge vya majira kwa sababu hutokwa damu nyingi mno kila mwezi. Alipokuja ofisini kuuliza, mwenzangu alimjibu kwamba hii ni nyumba ya kitawa na habari za vidonge hivyo asituletee. Sasa ananunua kwa fedha zake. Je, niache kazi?

JIBU: Milele na milele, amina. Dada yangu katika Kristo, kabla ya maelezo yoyote nakujibu lile linalokukosesha usingizi. Kwa jinsi ulivyoeleza, hutendi dhambi kwa kuwasajili wafanyakazi wala kwa kuwakabidhi barua hiyo, na huna sababu ya kujinyima Komunyo Takatifu kwa ajili yake. Ndugu aliyekuambia vinginevyo huenda alisema kwa bidii ya imani, lakini alikubebesha mzigo ambao Kanisa halijakubebesha. Kuhusu binti wa Kongo, kosa lilitendeka, nalo halikuwa la kwake wala la daktari wake.

Nianze na fundisho lenyewe, ili usidhani kwamba nalipunguza makali ili kukufariji. Papa Pio XI mwaka 1930, na baada yake Mtakatifu Paulo VI katika waraka wake Humanae Vitae wa tarehe 25 Julai 1968, wamefundisha kwamba tendo la ndoa lisiondolewe kwa makusudi uwezo wake wa kupokea uhai, na kwamba wanandoa wenye sababu nzito za kupanga uzazi wanaweza kufuata nyakati ambazo mwanamke hashiki mimba. Hilo ndilo fundisho la Kanisa, nami ninalifundisha kwa moyo wangu wote. Swali lako, hata hivyo, halihusu wanandoa wanaotumia dawa hizo. Linahusu mtu aliye mbali na chumba chao, anayeshika karatasi.

Wasomaji walioko nyumbani watashangaa kwa nini suala hili lizuke kazini, kwa kuwa hapa kwetu anayetaka vidonge, sindano, vijiti au kitanzi huvipata katika zahanati ya serikali bila mwajiri wake kujua lolote. Marekani mambo ni tofauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilizuia mishahara isipandishwe, waajiri wakaanza kuwavutia watu kwa bima ya afya badala ya fedha, na desturi hiyo ikabaki, hata leo karibu nusu ya Wamarekani wanatibiwa kwa bima inayotoka kazini. Sheria ya bima ya afya aliyoisaini Rais Barack Obama mwezi Machi 2010 iliamuru kwamba huduma za kinga zitolewe bila mwenye bima kuchangia chochote, na mwezi Agosti 2011 serikali ikaingiza katika huduma hizo njia zote za kuzuia mimba zilizoidhinishwa nchini humo, pamoja na vidonge vya dharura na kufunga uzazi kwa wanawake. Parokia na majimbo ya Kanisa yalisamehewa. Hospitali, vyuo na nyumba za wazee za Kanisa hazikusamehewa, kwa hoja kwamba huajiri na kuhudumia watu wa imani zote. Mwajiri ambaye angetoa bima bila huduma hizo alitozwa dola 100 kwa siku kwa kila mfanyakazi.

Malalamiko yalipozidi, serikali ilitangaza mwezi Februari 2012 mpango wa mwafaka, ambao hatimaye ulikuwa hivi: taasisi ya dini isaini tamko la pingamizi, lililokuja kujulikana kama Fomu 700, kisha kampuni ya bima ilipie dawa hizo yenyewe bila senti ya taasisi. Ndio mpango mlio nao. Na hapa Wakatoliki wenyewe walitofautiana, jambo ambalo ndugu yako wa jumuiya pengine halijui. Baraza la maaskofu la huko liliukataa, huku chama cha hospitali za Kikatoliki kikisema mwaka 2013 kwamba wanachama wake wanaweza kuishi nao. Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa na Mtakatifu Jeanne Jugan mwaka 1839, ambalo lina nyumba ya wazee hata Nairobi, walikataa kusaini. Walisema kwamba sahihi yao ndiyo inayofungua mlango wa dawa hizo, hivyo kusaini ni kuagiza. Serikali ikajibu kwamba wajibu wa kampuni ya bima unatokana na sheria, na fomu ni ya kuwaondoa masista katika jambo wasilolitaka.

Kesi yao, pamoja na za taasisi nyingine za dini, ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2016, ikiwa na jina la Askofu David Zubik wa Pittsburgh, na majaji wanane waliokuwapo baada ya kifo cha Jaji Antonin Scalia wakairudisha chini bila kuamua nani ana haki. Miaka miwili kabla, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeipa haki kwa kura 5 dhidi ya 4 kampuni ya biashara ya Hobby Lobby, ambayo wamiliki wake ni Waprotestanti na walipinga njia 4 tu kati ya 20. Serikali iliyofuata ilipanua msamaha na kuufanya mpango wa mwafaka kuwa wa hiari, na tarehe 8 Julai 2020 Mahakama ya Juu ikasema kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba serikali ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Mashauri juu ya kanuni hizo yaliendelea katika mahakama za chini. Nimeyataja haya ili uone kwamba waumini wenye elimu na nia njema walisimama pande mbili juu ya karatasi ileile, na kwamba jambo la namna hiyo halitoshi kumzuia mtu asikomunike.

Tuje kwenye kiini. Kanisa hutofautisha kushiriki dhambi ya mwingine kwa nia na kushiriki kwa tendo tu. Walimu wa zamani walitumia mfano wa mtumishi anayemsaidia bwana wake kupanda dirishani ili akamnajisi msichana. Wako waliosema kwamba mtumishi huyo hatendi dhambi ya mauti iwapo anaogopa kuadhibiwa, na Papa Inosenti XI akailaani hoja hiyo mwaka 1679. Baadaye Mtakatifu Alfonso Maria wa Liguori alifafanua kwamba anayeikubali nia mbaya ya mtenda dhambi anashiriki dhambi yenyewe, na hilo haliruhusiwi kamwe. Asiyeikubali, ambaye tendo lake mwenyewe si baya na mwingine ndiye analigeuza kuwa njia ya kutenda dhambi, anaweza kuruhusiwa akiwa na sababu inayolingana na uzito wa jambo. Kadiri anavyokuwa karibu na dhambi, ndivyo sababu yake inavyopaswa kuwa nzito zaidi.

Pima kazi yako kwa kipimo hicho. Unamsajili mtu katika bima itakayomtibu kisukari na shinikizo la damu, itakayomhudumia akijifungua na kumtibu mtoto wake. Barua unayomkabidhi inamweleza haki aliyopewa na sheria za nchi, wala haimshauri kuitumia. Kati ya barua hiyo na dhambi yoyote wapo kampuni ya bima, daktari, mfamasia na hiari ya mwanamke mwenyewe, ambaye pengine amekwisha kupita umri wa kuzaa na barua yako ataiweka kabatini. Wewe hutaki dhambi itendeke, hupati faida kwayo, na ukiondoka leo barua itatolewa kesho na mwingine. Sababu yako ya kubaki ni watoto watatu na huduma kwa wazee. Inatosha kabisa.

Nafikiri pia juu ya Naamani Mshamu. Baada ya kuponywa ukoma na kumkiri Mungu wa Israeli, alikuwa na wasiwasi mmoja: mfalme wake aingiapo katika nyumba ya Rimoni humwegemea mkono, naye hulazimika kuinama pamoja naye mbele ya sanamu. Elisha hakumwamuru aache utumishi wa mfalme, wala hakumtungia orodha ya masharti. Alimwambia, “Enenda na amani.” Mkono wa Naamani ulikuwa karibu na sanamu ile kuliko mkono wako ulivyo karibu na kidonge chochote.

Je, basi masista waliokataa kusaini walikosea? Sisemi hivyo. Wao ndio wenye nyumba. Jina linaloandikwa katika mkataba ni lao, na mtu anayeona kwa dhamiri kwamba sahihi yake ni idhini hawezi kuitia bila kutenda dhambi, hata kama mwingine angeweza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini. Wapo wanaosema kwamba mwajiri hulipa mshahara, na mshahara huo unaweza kununua dawa zilezile, hivyo bima nayo isiwe tatizo. Hoja hii ina nguvu, lakini haijamaliza kazi: mshahara ni fedha ambayo matumizi yake huamuliwa na aliyeipokea, ilhali mkataba wa bima unataja kwa jina kitu kinachonunuliwa, na anayeutia sahihi anakinunua kwa ajili ya mwingine. Ndiyo maana naona msamaha kwa nyumba za kitawa ni wa haki.

Lakini haki hiyo ina gharama, na gharama hiyo anapaswa kuilipa mwenye dhamiri, si mfanya usafi. Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inampa mama aliyejifungua majuma 12 ya likizo bila malipo, tena kwa wale tu wanaotimiza masharti yake. Sheria ya taifa ya kumlipa mfanyakazi wa sekta binafsi siku hizo haipo. Nyumba ya Kanisa inayosema kwamba kila mtoto ni zawadi, kisha ikamrudisha mama kwenye deki kabla kitovu cha mtoto hakijakauka kwa sababu hana fedha ya kukaa nyumbani, inalishuhudia fundisho kwa nusu ya mdomo. Mtakatifu Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimefika masikioni mwa Bwana. Tangu Papa Leo XIII alipoandika juu ya wafanyakazi mwaka 1891, Kanisa limedai ujira unaomtosha mtu kuishi, na linawajibika kuanza na watu linaowaajiri lenyewe. Ukipata nafasi ya kuzungumza na mama mkuu wa shirika, mwulize kwa heshima kama nyumba inaweza kuwalipa akina mama katika majuma hayo. Swali hilo linatoka katika waraka uleule wa Paulo VI, ambao unawaomba watawala watunge sheria za kuzisaidia familia.

Kuhusu binti Mkongo, waraka huo unasema wazi katika aya ya 15 kwamba Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata ikijulikana kwamba itazuia mimba, ilimradi kuzuia mimba si lengo lililokusudiwa. Mwanamke anayetokwa damu hadi kuishiwa nguvu, akapewa na daktari vidonge vya kuipunguza, anatibiwa. Kidonge ni kilekile, tendo si lilelile. Kwa hiyo tiba yake haingii katika pingamizi la shirika, na bima ya nyumba yenu ingeweza kuilipia bila kuvunja fundisho lolote. Na hata kama mkataba wenu umeandikwa kwa ufinyu, ile barua unayoigawa ilimpa njia nyingine. Mwenzako alimfukuza mgonjwa kwa jina la dini asiyoisoma. Hakuwa na haki hata ya kumwuliza anameza nini, kwa kuwa siri ya ugonjwa ni ya mgonjwa na daktari wake.

Usiache kazi. Jumatatu mtafute binti huyo faraghani, umwombe radhi kwa niaba ya ofisi, na umwambie amwombe daktari aandike ugonjwa anaoutibu, kwa kuwa kampuni za bima huangalia sababu iliyoandikwa. Mpe namba ya kampuni ya bima. Na kama Kiingereza kinamshinda, keti naye wakati anapiga simu. Mwulize pia kama anazo risiti za dawa alizokwisha kununua, maana huenda akarudishiwa fedha zake. Mwenzako ofisini mwonye mkiwa wawili tu, kama Bwana alivyoagiza, na asiposikia mweleze msimamizi wenu. Jumapili nenda ukakomunike.